Malkia Fatuma wa Unguja

Sisi wa Karagwe na Kyerwa twajua ya kuwa zamani za Abakama, mama yake Omukama alipewa heshima kubwa. Leo twataka kuwapeleka mbali, hata kisiwani Unguja, ambako mwanamke alitawala mwenyewe.

Jina lake Malkia Fatuma, aliyeishi mwisho wa karne ya 17. Siku zile Wareno walikuwa katika Ngome ya Yesu, Mombasa, nao Waarabu wa Omani walitaka kuwafukuza. Mafahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi.

Fatuma alikuwa rafiki wa Wareno. Mwezi wa Machi 1696 Waomani waliizingira ngome, na waliokuwamo wakapatwa na njaa na maradhi. Fatuma akawapelekea vyakula kwa vyombo vya baharini. Ngome ikaanguka mwezi wa Desemba 1698, baada ya miezi 33. Waomani wakamchukua Fatuma mpaka Maskati, akakaa huko miaka kadhaa kabla ya kuruhusiwa kurudi kwao.

Je, alikosa? Wako watakaosema alishikamana na wadhalimu, maana Wareno waliichoma Mombasa mwaka 1505. Ni kweli. Lakini Waomani nao hawakuja kuwapa watu wa Unguja uhuru, walikuja kutawala. Basi tusimhukumu kwa haraka. Tukumbuke kwamba rafiki zake walipokuwa na nguvu wengi waliwafuata, bali walipokuwa na njaa, yeye aliwapelekea chakula, na gharama yake aliilipa mwenyewe.