Ile Video Yangu ya Stendi ya Voi, na Karatasi Iliyotoka Italia

Leo sina video. Huku Mghange ukungu umeshuka tangu asubuhi, mtandao unakuja ukienda, kwa hivyo acha niandike tu.

Wengi wenu mlinijua kupitia ile video ya mwezi jana. Ile nimesimama stendi ya Voi nasema maduka si yetu, machimbo ya mawe si yetu, na Mdawida hataendelea mpaka wageni warudi kwao. Iliwaka kuliko kitu chochote nimewahi kuweka. Katikati nikatia picha ya Kurani ya zamani iliyoandikwa kwa mkono Siyu, kisiwa cha Pate, nikasema: oneni, hawa walijitegemea, wakajiandikia vitabu wenyewe bila kuomba mtu.

Jamaa mmoja wa Lamu akanijibu kwa mstari mmoja: "Kaka, karatasi ya hicho kitabu ilitoka Italia."

Basi. Hakunitukana. Afadhali angenitukana, ningejua cha kumjibu.

Nikaanza kusoma. (Ndiyo, niliacha chuo, huwa hamchoki kunikumbusha. Lakini mjue kwenye Kiswahili cha kale "chuo" ni kitabu, na mwanachuoni ni mtu wa vitabu. Mimi nilishindwa na karo tu.)

Kurani za Siyu zinazojulikana ziliandikwa kuanzia katikati ya karne ya 18 hadi katikati ya karne ya 19. Ulaya walikuwa wanachapa kwa mashine kwa miaka karibu 300, lakini Siyu kitabu kilikuwa bado kinatengenezwa vile vitabu vingi vilitengenezwa enzi za kati: mkono, kalamu ya tete, wino, subira. Na kitabu cha namna hiyo kilikuwa mali nzito popote. Kule Ujerumani, hata baada ya Gutenberg kuanza kuchapa miaka ya 1450, nakala moja ya Biblia yake kwenye ngozi ilihitaji ngozi za ndama kama 170. Hebu hesabu zizi lote la kwenu, halafu la jirani, halafu uende Werugha ukaombe mengine.

Siyu waliandika kwenye karatasi. Viwanda vya Italia vilitengeneza karatasi za kuuza nchi za Waislamu, nyingine zina alama ya miezi mitatu ambayo unaiona ukiinua ukurasa kwenye mwanga. Zikavuka bahari mpaka kwetu. Pesa za kununua vitu kama hivyo zilitoka wapi? Visiwa vya Lamu viliuza boriti za mikoko, nafaka, na pembe za ndovu zilizotoka bara. Kwa hivyo hata kabla mwandishi hajachovya kalamu, kuna mwindaji, mkata mikoko, baharia na Mtaliano wameshatia mkono.

Na mji wenyewe? Hapa ndipo video yangu ilianguka kabisa. Siyu kulikuwa na koo za Waswahili, Wabajuni, Wasomali waliotoka bara, na Wafamao, ambao wenyewe husimulia asili ya mbali ng'ambo ya bahari. Wote ndani ya mji mmoja, wa wachongaji milango, mafundi ngozi, wafumaji na waandishi. Huo mji ndio uliotoa Kurani zenye wino mweusi, mwekundu na manjano ambazo mtaalamu akiona anasema "hii ni ya Siyu" bila kuuliza. Moja ya mkusanyo huo leo iko Fowler Museum, Los Angeles. Kwa hivyo utambulisho ulikuwepo, tena wa kujivunia. Ulitokana na kazi ya mkono. Damu ya fundi sijui kama kuna mnunuzi aliyeiuliza.

Mtasema hayo ni ya pwani, sisi ni watu wa milima. Haya. Mwaka 2023 watafiti walichapisha uchunguzi wa DNA ya watu wa zamani wa pwani, kutoka Manda, Mtwapa, Kilwa na kwingine. Wengi walikuwa na asili ya Afrika na ya Asia, hasa Uajemi, na kuchanganyika kulianza karibu miaka 1000 iliyopita. Na kuna sehemu moja ya bara kwenye utafiti huo: Makwasinyi. Ndiyo, Makwasinyi yetu, pale Kasigau! Mifupa yake ilisaidia kueleza upande wa Kiafrika wa watu wa pwani. Rebmann alipofika Kasigau 1847 hakufungua njia yoyote. Alipita njia za watu waliokuwa wakifanya biashara tayari. Hata jina Voi, wazee wengi husimulia kwamba limetokana na Kivoi, mfanyabiashara Mkamba wa misafara. Mji niliosema ni wetu peke yetu.

Sisemi kabila halina maana. Taita Hills Association ilipodai ardhi, serikali ya mkoloni iliipiga marufuku 1940 pamoja na KCA na chama cha Wakamba. Watu waliokuwa wakijiita kwa kichuku chao au kilima chao walijifunza kusema "sisi Wataita" kwa sauti moja kwa sababu shamba lilikuwa linaondoka. Hilo naliheshimu. Na mpaka leo zaidi ya nusu ya kaunti ni mbuga ya Tsavo, na mawe yanatoka kila siku, kijana wa hapa anabaki na vumbi. Swali ni halali. Mimi nilikosea mtu wa kumuuliza.

Kwa sababu sijawaambia hili: kuna fundi simu pale Voi, Mkikuyu, ndiye alinibadilishia kioo cha hii simu nilipokuwa sina kitu. Nilimlipa nusu, akasema utaleta. Wiki mbili baada ya video, mtu alimwandikia kwa makaa mlangoni: RUDI KWENU. Maneno yangu hayo, herufi kwa herufi. Amezaliwa Voi.

Jumamosi nilishuka na mathree ya kwanza. Video sijaifuta, nimeweka jibu la yule jamaa wa Lamu juu kabisa, na wafuasi wengi wameshaniacha. Nikasimama mlangoni, maneno yalikuwa yamesuguliwa lakini ukiangalia vizuri bado unayasoma. Nikamwambia ile video ni mimi. Akasema anajua, aliiona siku ileile, kwenye simu ya mteja.

Kisha akauliza kama nimekuja na ile nusu ya kioo. Nilikuwa nayo. Akaihesabu, akaweka kwenye droo, akarudi kwenye simu aliyokuwa ameifungua.