Mjomba ambaye hakuwahi kujibu barua

Hapa hosteli kuna ubishi hauishi: mtu kasoma kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza, kafaulu, kafika chuo, lakini semina ikianza anainamia daftari kama kadondosha sindano. Wengine wanasema ni uvivu wa kizazi hiki. Mimi wa historia nasema hapana, tatizo hili lina umri kuliko sisi.

Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili mwaka 1985, na chuo kikuu kifuate mwaka 1992. Serikali haikukubali. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere akakiita Kiingereza Kiswahili cha dunia, na mwaka huohuo wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, wakatoa ripoti baada ya kuwapima wanafunzi wetu. Kidato cha nne, kama asilimia 10 tu ndio walikuwa na kiwango cha kuweza kuanza kufundishwa kwa Kiingereza. Soma tena hapo: kuanza, si kumaliza! Chuo kikuu, chini ya asilimia 20 ndio wangesoma kwa urahisi hata vitabu vyepesi vya masomo yao. Na bado ripoti ikashauri Kiingereza kibaki. Uingereza ikatoa hela za mradi, vikaja vitabu vya hadithi vya Kiingereza chepesi. Ndio enzi hizo ambazo wazee wetu wanatuambia kila mtu alikuwa anamwaga ung'eng'e, hahaha.

Wazo la vitabu lenyewe halikuwa baya. Kule Fiji, kuanzia 1980, watafiti Elley na Mangubhai waliyajaza madarasa ya shule za vijijini vitabu vya hadithi, 250 kila darasa. Mwaka wa kwanza watoto walipiga hatua kwenye kusoma kama mara mbili ya kawaida, na mwaka wa pili faida ikahamia mpaka kwenye kuandika. Ila kitabu lazima kifunguliwe. Shule moja niliyopita mimi hadithi zilikaa kabatini miaka yote minne, ufunguo anao mtu mmoja, na huyo mtu hapatikani.

Kilichonigusa zaidi lakini ni habari ya Los Angeles, miaka hiyohiyo. Mwalimu wa darasa la sita, Leslee Reed, aliwaachia wanafunzi wake wamwandikie kila siku kwenye daftari, chochote kile, naye anasoma na kumjibu kila mmoja. Hasahihishi. Anajibu kama unavyomjibu mtu aliyekuandikia. Watafiti Jana Staton, Roger Shuy na Joy Kreeft Peyton waliyachambua madaftari yale, yakiwemo ya watoto wahamiaji waliokuwa bado wanajifunza Kiingereza. Wakakuta watoto wanalalamika, wanauliza, wanajitetea, mambo ambayo kwenye insha ya darasani huyaoni kabisa.

Sasa linganisha na sisi. Tuliandika barua kwa mjomba wa kubuni kuomba ada. Ticha akamwaga wino mwekundu, 6 kwa 20, ukurasa umefungwa. Miaka minne ya barua na mjomba hajajibu hata moja! Yaani hatukuwahi kuandika Kiingereza kwa mtu aliyetaka kujua tunasema nini.

Najua mtabisha kwamba bila kusahihishwa makosa yataota mizizi. Sawa, kwenye tasnifu nisahihishe mpaka nikome. Lakini mtu anayeandika kurasa mbili kwa muhula utamsahihisha nini? Na msinielewe vibaya, kwenye suala la Makweta mimi niko na Makweta. Kukijua Kiingereza vizuri na kufundishwa fizikia kwa Kiingereza usichokijua ni vitu viwili tofauti, na nchi yetu imevichanganya kwa miongo kadhaa.

Chumbani kwetu tumeshaanza, watu wanne, daftari moja, zamu kila usiku. Masharti mawili: hakuna kusahihisha, na lazima umjibu aliyetangulia. Mada iliyochangamka mpaka sasa ni nani anamaliza sukari. Tuko ukurasa wa 9, Kiingereza kitupu, na mtuhumiwa bado anajitetea.