Safari ya Nyimbo kutoka Nakivale

Tangu mwanzo wa miaka ya 1960, Watutsi wa Rwanda walipopewa hifadhi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, huko Isingiro nchini Uganda, kusini-mashariki ya Mbarara, hata walipokuja Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo, kila kaumu iliyoshuka pale ilishuka na nyimbo zake. Lakini kuimba ni jambo moja, na kuufikisha wimbo kwa msikilizaji wa mbali ni jambo jingine, ambalo daima limehitaji idhini ya mtu wa kati.

Hata mwimbaji Siti binti Saad wa Unguja, ili sauti yake iingie katika santuri za His Master's Voice, ilimbidi avuke bahari hadi Bombay mwaka 1928. Katika Uganda ya kanda za kaseti, njia ilipita Kampala, kwa wasambazaji ambao mashuhuri wao alikuwa marehemu Kasiwukira, na aghalabu msanii aliuza wimbo wake kwa malipo ya mara moja tu. Kisha vikaja vibanda vya kujaza nyimbo katika flashi na simu, ambavyo vilimpa mwimbaji sifa tele pasipo ujira.

Hali iligeuka zilipozuka kampuni kama TuneCore na DistroKid, ambazo kwa ada ndogo huupeleka wimbo mmoja kwa pamoja Spotify, Apple Music, Boomplay na maduka mengine, kila wimbo ukiwa na namba yake ya utambulisho, ili mrabaha uhesabiwe popote utakapochezwa. Na Spotify yenyewe ilipoingia Uganda mwaka 2021, ilidhaniwa kwamba watu wa kati wamekwisha. La hasha! Ada ya kampuni hizo za usambazaji kwa kawaida hulipwa kwa kadi ya benki, na mapato hutolewa kwa akaunti; mkimbizi asiye na akaunti, ambaye utambulisho wake ni karatasi za ukimbizi za Ofisi ya Waziri Mkuu, hana budi kuazima akaunti ya mwenziwe wa Mbarara, na hapo fedha hufuata jina la mwenye akaunti, si la mwenye koo. Msikilizaji naye hakusalimika: Julai 2018 alitozwa shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii, na Julai 2021 ushuru huo ukabadilishwa kuwa asilimia 12 ya bei ya bando. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 2024 Spotify hailipi mrabaha wa rekodi kwa wimbo usiochezwa angalau mara 1,000 katika miezi 12, sharti zito kwa anayeimbia kaumu ndogo iliyotawanyika.

Naona dhuluma hii mpya ya akaunti ya kuazima ni mbaya kuliko ile ya kaseti, kwa sababu aliyeuza kanda alijua ameuza, ilhali huyu hupoteza haki yake akiwa angali anajiita mwenye wimbo. Basi enyi wasanii wa Nakivale, kabla faili haijatoka mikononi mwenu, andikianeni hati yenye majina ya mtunzi, mwimbaji na mpiga ala, na fungu la kila mmoja; nanyi wenye mabenki, zipokeeni karatasi za mkimbizi, mumfungulie akaunti kwa jina lake.