Mlango wa Kwihara na Vitabu Vilivyopita Hapo

Ndugu msomaji, ukisikia Gongoni labda fikira zako zitakwenda upande wa Malindi, kwenye mashamba ya chumvi. Gongoni niikusudiayo mimi ni ya Tabora, mji ambao misafara ya Bagamoyo ilikuwa ikiufikia kwa mwendo wa kiasi cha miezi mitatu.

Sisi watu wa pwani tuna mazowea ya kudhani kwamba vitabu na nakshi ni mambo ya Lamu, Mombasa na Unguja, na kwamba bara kulifuatwa pembe tu. Basi mtu wa Gongoni akitoka nje ya mji mpaka Kwihara ataiona tembe ya kale, iliyotengenezwa upya baadaye, yenye mlango wa mbao zilizochongwa namna ile ile ya milango ya kwetu. Na nakshi ya mlango si kama zulia au sahani ya kaure ifichwayo ndani. Hutazama njia. Mpagazi na mzigo wake wa frasila mbili aliiona sawasawa na tajiri.

Vitabu navyo vilikuwako. Mwingereza Richard Burton aliingia Kaze, mtaa wa Waarabu wa Tabora ya siku hizo, tarehe 7 Novemba 1857, akapokewa na Snay bin Amir wa kabila la Harthi. Bwana huyu alianza maisha Maskati kwa kupika vitu vitamu (msomaji wa Unguja atasema ni halua, nami simkatalii), na kwa muda wa miaka 16 akawa tajiri mkubwa barani. Burton, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu watu, ameandika kwamba Snay alikuwa amesoma sana, tena kwa kujielimisha, si kwa kujifurahisha tu, na kwamba alimsaidia katika lugha za nchi.

Ningependa kunyamaza hapa, maana sifa hii ni tamu. Lakini utajiri wa Snay ulikuwa wa pembe na watumwa. Bila shaka alikuwa akiisoma Suratul-Balad, ambayo yahesabu kumwacha huru mtumwa kuwa ni katika kuipanda ile njia nzito. Aliisoma, na msafara wake ukaendelea. Aliuawa mwaka 1861 katika vita vya Waarabu na mtemi Mnywa Sere. Twapenda kusema kwamba mtu akisoma hutengenea. Taarikh ya Tabora haitupi ruhusa ya kulisema hilo kwa haraka.

Mwaka 1872 katika tembe ya Kwihara walikaa Livingstone na Stanley. Stanley alipoondoka mwezi wa Machi alichukua daftari la mwenzake, limefungwa kwa lakiri. Wataalamu huliita Daftari la Unyanyembe. Ndani yake mna habari za soko la Nyangwe, nchi ya Kongo, ambako tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanya biashara wa njia yetu hii waliwapiga risasi wanawake waliokuja sokoni. Walikufa mamia. Habari hizo zilipofika Uingereza ziliwapa nguvu waliotaka biashara ya watumwa ikomeshwe, na Juni 1873 Seyyid Barghash akatia saini mkataba wa kulifunga soko la Unguja. Wako wasemao kwamba Wazungu walilitumia jambo hilo ili wapate kutawala. Kutawala, walitawala. Lakini bunduki za Nyangwe hazikushikwa na Wazungu.

Upande wetu, Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, ambaye baba yake alikaa Tabora na kumwoa Karunde binti wa mtemi Fundikira, aliyaandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Heinrich Brode akayatia katika herufi za Kilatini, yakapigwa chapa Berlin mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa lugha ni kitabu kizuri, kisome. Hesabu ya frasila za pembe utaipata humo. Majina ya waliozibeba ni haba sana.

Mmoja katika wabebaji aliandika mwenyewe. Jacob Wainwright, Myao aliyetiwa utumwani utotoni, akaokolewa, akasomeshwa Nasik huko Bara Hindi, alifika Kwihara Agosti 1872 pamoja na watu waliopelekwa kwa Livingstone. Livingstone alipokufa mwaka uliofuata, ni Jacob aliyechonga maandishi kwenye mti penye kaburi la moyo wake. Kisha yeye, Chuma, Susi na wenzao wakauchukua mwili mpaka Unyanyembe, wakafika Oktoba 1873, wakaendelea nao hadi Bagamoyo. Daftari lake limehifadhiwa Maidstone, Uingereza. Katika wote waliopita mbele ya ule mlango, huyu ndiye ningependa watoto wetu wa madrasa wamjue, ijapokuwa hakuwa wa dini yetu. Alifika mpaka London na jeneza, akarudi Afrika, akafa mwaka 1892 huko Urambo, magharibi ya Tabora, kando ya njia ile ile.