Kijidudu Kisichojitokeza kwenye Damu

Kwa miaka mingi Polly Murray alizunguka kwa madaktari bila kupata jibu. Magoti yalivimba, yakapungua, yakavimba tena. Vipele vilitokea na kupotea, kichwa kikauma, uchovu ukamlaza. Aliishi na mumewe na watoto wanne huko Lyme, mji mdogo wa misitu katika jimbo la Connecticut, Marekani. Vipimo havikuonyesha kitu, na baadhi ya madaktari wakaanza kumchukulia kama mtu anayejitungia ugonjwa. Kisha watoto nao wakavimba viungo. Murray alikuwa na desturi iliyokuja kufaa kuliko vipimo vyote: aliandika kila kitu. Alianza na dalili na tarehe za nyumbani kwake, baadaye akaongeza habari za majirani waliokuwa wakichechemea kama wanawe.

Mwaka 1975 aliipigia simu idara ya afya ya jimbo, na mama mwingine wa hapohapo, bila kupatana naye, akafanya vivyo hivyo. Watoto wao walikuwa wameambiwa wana baridi yabisi ya utotoni. Huo ni ugonjwa wa nadra, tena hauambukizi. Iweje basi uingie nyumba hadi nyumba katika mtaa mmoja?

Simu hizo zilimfikia Allen Steere, daktari kijana wa Chuo Kikuu cha Yale aliyekuwa akijifunza magonjwa ya viungo na aliyewahi kufanya kazi ya kufuatilia milipuko. Alikutana na Murray, akayapokea maandishi yake, naye akaanza kuhesabu. Katika Lyme na miji miwili jirani, yeye na wenzake walipata wagonjwa 51, watoto 39 na watu wazima 12. Wengi waliishi kando ya misitu, si katikati ya mji, na waliugua majira ya joto. Kwenye barabara chache za mashambani, mtoto 1 kati ya 10 alikuwa ameugua. Robo ya wagonjwa walikumbuka alama nyekundu iliyotanuka polepole kwenye ngozi, wiki kadhaa kabla viungo havijavimba.

Hiyo alama ilikuwa na historia yake Ulaya. Mwaka 1909 daktari wa ngozi wa Sweden, Arvid Afzelius, alieleza wekundu wa namna hiyo uliofuata kuumwa na kupe, na kufikia miaka ya 1950 madaktari wa huko walikuwa wakiutibu kwa penisilini bila kukijua kisababishi chake. Madaktari wa Yale walisita. Walishuku kirusi, na kirusi hakiuawi kwa penisilini. Walipokuja kuijaribu na kuandika matokeo, ilikuwa tayari 1980. Sioni vyema kuwalaumu sana, ila ni dhahiri kwamba maarifa yaliyokuwa kwenye majarida ya madaktari wa ngozi hayakuwafikia upesi madaktari wa viungo.

Aliyekipata kijidudu hakuwa akikitafuta. Willy Burgdorfer alizaliwa Basel, Uswisi, mwaka 1925, akasomea huko katika Taasisi ya Magonjwa ya Tropiki iliyoanzishwa na Rudolf Geigy, yuleyule ambaye katikati ya miaka ya 1950 alifungua maabara huko Ifakara, Tanganyika, ambayo leo ni Taasisi ya Afya ya Ifakara. Utafiti wa shahada ya udaktari wa Burgdorfer, uliochapishwa mwaka 1951, ulihusu papasi.

Papasi ni kupe laini wa nyumba za udongo. Mchana hujificha kwenye nyufa za sakafu na kuta, usiku hutoka kunyonya damu ya waliolala, akashiba na kurudi mafichoni kabla hakujapambazuka. Homa anayoileta hupanda siku chache, ikashuka, ikarudi. Joseph Dutton, Mwingereza aliyekuwa na mwenzake John Todd huko Kongo, alithibitisha kwamba papasi ndiye anayeibeba. Februari 1905 alikufa Kasongo akiugua homa hiyohiyo. Mwaka huohuo Robert Koch, akiwa katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, aliona vijidudu vya homa hiyo hata ndani ya mayai ya papasi. Ni bakteria wembamba waliojisokota, ukoo mmoja na yule wa kaswende, nao huitwa spirokiti.

Hawa ndio Burgdorfer alioshinda nao miaka ya Basel, akiwapasua papasi na kufuatilia spirokiti kutoka tumboni hadi kwenye tezi za mate. Mwaka 1981 alikuwa katika maabara ya serikali huko Hamilton, Montana, akichunguza kupe waliotoka Shelter Island, New York. Alikuwa akitafuta bakteria wa homa nyingine kabisa. Alipowapasua kupe wale na kutazama utumbo wao kwa darubini, aliona nyuzi hafifu zilizojisokota, zikijivuta polepole. Mtu mwingine angeweza kuzipita. Yeye alikuwa ameshaona za namna hiyo kwenye papasi miaka 30 nyuma. Mwenzake Alan Barbour akaziotesha maabara, na damu ya wagonjwa wa Lyme ikaonyesha kuwa na kingamwili dhidi yake. Habari hiyo ilitoka katika jarida la Science, Juni 1982. Miaka miwili baadaye kijidudu kikapewa jina lake, Borrelia burgdorferi.

Ungedhani shida ya kupima imekwisha. Ndipo ilipoanza. Mgonjwa wa papasi homa inapopanda, spirokiti huogelea kwenye damu, na mara nyingi mtaalamu wa maabara huwaona kwenye slaidi ileile ya malaria. Ndugu zao wa Lyme hawajitokezi hivyo. Huwa wachache mno kwenye damu, huhamia kwenye ngozi, viungo, neva, wakati mwingine moyo. Steere na wenzake walipojaribu kuwaotesha kutoka kwa wagonjwa 56, waliwapata kwa 3 tu. Katika kupe 110 waliwapata kwa 21.

Basi hupimwa kingamwili, yaani alama ambazo mwili umeacha katika kupigana. Lakini kingamwili huchukua wiki kadhaa kujitengeneza, kwa hiyo mwenye alama mpya ya ngozi, anayehitaji dawa leo, anaweza kupata jibu hasi. Na zikishatengenezwa hukaa miaka, kwa hiyo aliyepona zamani anaweza kupata jibu chanya. Mwaka 1994 wataalamu waliokutana Dearborn, Michigan, walikubaliana kupima kwa hatua mbili, ya pili ikihakikisha ya kwanza. Utaratibu huo ulipunguza majibu ya uongo, ila haukuweza kumwambia mtu kama kijidudu bado kimo. Mwenye alama ya kawaida ya ngozi hutibiwa kwa macho ya daktari, bila kusubiri kipimo. Balaa ni kwa asiyepata alama, au aliyeipata mgongoni asiione, na kupe mchanga aliyemuuma si mkubwa kuliko mbegu ya mchicha.

Wagonjwa wakiwahiwa, doksisaiklini ya siku 10 hadi 14 huwatosha wengi. Wapo, hata hivyo, wanaobaki na uchovu, maumivu na kusahausahau miezi mingi baada ya dozi. Kwao ndiko ugomvi ulikozuka. Baadhi ya madaktari walisema kijidudu bado kimejificha, wakawaandikia antibayotiki za miezi na miaka. Jaribio lililochapishwa mwaka 2001 liliwapa wagonjwa wa aina hiyo dawa ya mshipa siku 30 na vidonge siku 60, huku wenzao wakipewa dawa bandia. Makundi hayo mawili hayakutofautiana. Chama cha madaktari wa magonjwa ya kuambukiza kilipoandika mwongozo mwaka 2006 kupinga tiba ndefu, mwanasheria mkuu wa Connecticut alikichunguza chama chenyewe. Jopo jipya liliupitia mwongozo na mwaka 2010 likaubakiza. Wagonjwa hawakuridhika, na haki yao ninaiona: kuthibitisha kwamba dawa fulani haisaidii si sawa na kumwambia mtu anaumwa nini. Chanjo iliyoidhinishwa mwaka 1998 nayo iliondolewa sokoni mwaka 2002, katikati ya hofu na kesi. Mbwa wa Marekani wanaendelea kuchanjwa dhidi ya ugonjwa wa Lyme.

Homa ya papasi yenyewe haikuisha. Mwaka 1998 watafiti wa Mvumi, Dodoma, waliripoti kwamba kupulizia dawa nyumba zenye papasi kulipunguza homa hiyo kwa watoto wa chini ya miaka 5. Wakati ule homa nyingi zilipimwa kwa darubini, na aliyetafuta malaria angeweza kukutana na spirokiti bila kutarajia. Tangu hapo zahanati nyingi zimehamia kipimo cha haraka, kile cha tone la damu na mistari miwili, ambacho kimeokoa watu wengi. Kipimo hicho hutambua malaria tu. Mwenye homa ya papasi hutoka na jibu hasi, na slaidi haikutengenezwa.