Kutia Kioo

Binti mmoja wa Kilindoni, hapa kisiwani Mafia, aliyefundishwa kufinyanga na nyanya yake, alikuja kwangu na sahani tatu kazifunga kwenye kanga kuukuu. Alikuwa amezichora mwenyewe: moja pweza, moja majani ya mkungu, ya tatu mistari ya msumeno kama ile ya ukingo wa chungu.

"Shikamoo mwalimu. Nimeambiwa watalii wa Utende watazinunua, ila kwanza nizitie glezi. Glezi ndiyo nini? Na dukani niiulizie kwa jina gani?"

"Marahaba mwanangu," nikamjibu, na jibu lililofuata halikunitosha hata mimi. Nalimalizia hapa.

Tuanze na sahani yenyewe. Dukani Kilindoni ukitaka sahani nyeupe inayong'aa, unasema "sahani ya udongo", ili muuzaji asikupe ya bati wala ya plastiki. Kamusi inaiita ya kauri. Kauri ni yule simbi mdogo wa baharini, mwenye mgongo laini unaometameta, na neno lenyewe lilitufikia kutoka India. Aliyeiita sahani kwa jina la kombe hilo alikuwa ameutazama uso wake vizuri. Waitaliano nao walifanya vivyo hivyo: neno lao porcellana lilikuwa la kauri wa baharini kabla ya kuwa la vyombo vya China, na Marco Polo anahesabiwa miongoni mwa wa kwanza kulitumia kwa vyote viwili. Kwetu hata kombe lina maana zote mbili, gamba la baharini na sahani kubwa, na mtoto wake ndiye kikombe tunachonywea chai.

Kwa hiyo jina la chombo tunalo. Linalokosekana ni jina la ile ngozi inayokifanya king'ae, na ndiyo hiyo glezi.

Glezi ni kioo, kioo kweli, ndugu wa kioo cha dirisha. Mchanga mweupe safi ukichomwa peke yake hauyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 1,700, na udongo wa kawaida wa kufinyangia hautastahimili hapo. Basi mafundi huusaga, wakauchanganya na vitu vya kuushawishi uyeyuke mapema, kama majivu, chokaa au magadi, pamoja na udongo kidogo ili ukishayeyuka usitiririke ukashuka wote chini. Unga huo hukorogwa na maji uwe kama uji mwepesi, chombo kikachovywa au kupakwa, kikakauka, kikarudi motoni. Humo unga huyeyuka, ukaushika udongo, na ukipoa unakuwa utando mwembamba usiopitisha maji.

Wapo wanaosema "kung'arisha". Nalikataa, kwa sababu neno hilo lina kazi yake tayari. Mfinyanzi anaposugua chungu kibichi kwa kokoto laini mpaka kikatoa mwanga, ameking'arisha, na hakuna kilichoongezwa juu yake. "Rangi" nayo inapotosha, maana glezi yaweza kuwa haina rangi kabisa, ukaiona michoro chini yake kama kokoto chini ya maji ya kupwa. Napendekeza tuseme kutia kioo, kama tunavyosema kutia chokaa au kutia nakshi. Sahani imetiwa kioo, au haijatiwa. Kile kinachotiwa kiwe utando wa kioo. Glezi ibaki kwa anayekwenda kuagiza mjini, kwani ndilo jina atakaloelewana nalo na muuzaji.

Kisiwa hiki kinaufahamu utando huo kwa karne nyingi. Kisimani, kwenye ncha ya magharibi, bahari imeula mji wa kale, na mwanaakiolojia Neville Chittick aliyeuchimba alitoa ripoti yake mwaka 1961. Niliokota pale kigae kisichozidi kidole gumba, nikakigeuza upande uliovunjika. Katikati udongo wa rangi ya biskuti. Juu utepe wa kijani, mwembamba kama ukucha, wenye nyufa ndogondogo kama za tope lililokauka. Nikakirudisha mchangani, mahali pake. Vyombo vya namna ile vilikuja na majahazi, kutoka Ghuba na nchi za mbali zaidi. Vyungu vya kupikia vilifinyangwa huku huku pwani, bila kioo.

Na hilo lisichukuliwe kuwa ni upungufu. Chungu chenye vinyweleo hustahimili moto wa kuni unaopanda ghafla. Mtungi hupoza maji kwa sababu unatoka jasho, na ukiutia kioo umeuziba. Wanawake wa Mafia wanajua wanachokitengeneza. Stephanie Wynne-Jones na Bertram Mapunda, wanaakiolojia waliochapisha utafiti wao juu ya wafinyanzi wa kisiwa hiki mwaka 2008, waliukuta ufundi huo uko hai.

Sasa moto. Binti anachoma uani, kwa makuti na vifuu. Moto wa wazi hufika kati ya nyuzi 600 na 900 hivi, unapanda haraka, na upepo ukigeuka, upande mmoja unabaki nyuma. Glezi nyingi hutaka 1,000 na zaidi, kwa utulivu, ndani ya tanuri iliyofungwa. Akizipaka na kuzichoma pale uani atapata unga uliogandamana na majivu. Tena zipo glezi zenye madini ya risasi, yanayoyeyuka mapema lakini hutoka polepole ndani ya chakula chenye ndimu au siki. Sahani ya namna hiyo itundikwe ukutani, isipakuliwe mchuzi.

Nilimfuata uani kwake nikamweleza haya. Alinisikiliza huku akimalizia sahani ya nne, bado mbichi, akiikwangua ukingo kwa kipande cha kombe alichokiokota ufukweni. Kombe juu ya kombe. Alikipitisha mara tatu, akapuliza vumbi, akaushika ukingo kwa kidole kusikia kama uko sawa.

"Basi hizi nitaziuza hivi hivi," akasema, "nitawaambia hazijatiwa kioo. Hizo nyingine, hiyo tanuri iko wapi?"