Watu simba wa Singida na roboti za riwayani

MSOMAJI wa riwaya za wadukuzi na roboti zenye akili hakwepi swali moja: kiumbe aliyeundwa ili atumwe akiua, nani ajibu, yeye au aliyemtuma? Swali hilo limezoeleka kuwa la Marekani na Japani, la miji yenye taa za rangi na mitambo ya kila aina. Hata hivyo, katika miaka ya 1940 liliwahi kufika mahakamani kutoka Singida, wakati Tanganyika haijaona kompyuta hata moja.

Fani ya riwaya hizo huitwa saibapanki. Jina lilibuniwa na mwandishi Mmarekani, Bruce Bethke, kwa hadithi yake fupi iliyochapishwa mwaka 1983. Mwaka uliofuata William Gibson akatoa Neuromancer, riwaya iliyoipa fani hiyo sura yake: mitambo imeendelea mno, watu wanabangaiza, na makampuni yana nguvu kuliko serikali.

Mhusika wake mkuu, Case, ni mdukuzi anayekodiwa kwa kazi haramu huku akiwa amewekewa sumu mwilini. Asipomaliza kazi, sumu inaachiwa. Bosi anayemkodi, Armitage, naye si bosi kamili. Ni askari aliyeharibika akili vitani, akajengewa nafsi nyingine na akili mnemba iitwayo Wintermute, ambayo nayo ni mali ya ukoo mmoja tajiri. Kila anayetuma ametumwa, na hapo ndipo penye utamu wa kitabu hicho, kuliko hata kompyuta zake.

Neno roboti lenyewe ni la zamani zaidi. Lilitokea katika tamthilia R.U.R. ya Karel Čapek, Mcheki, iliyochapishwa mwaka 1920, na linatokana na neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shokoa. Roboti za Čapek hazikuwa za chuma. Zilikuwa na miili mfano wa binadamu, zilizotengenezwa kiwandani ili zifanye kazi bila kudai chochote. Mwishoni ziliasi.

Mtanzania hahitaji kamusi kuelewa kiumbe wa namna hiyo. Imani ya msukule, mtu anayedhaniwa amekufa kumbe anatumikishwa kimya kimya na mchawi, inajulikana sehemu nyingi za nchi. Lakini msukule hulimishwa tu. Kiumbe aliyesemwa Singida alikuwa wa kutisha zaidi.

Wakati huo Singida ilikuwa wilaya ya Jimbo la Kati. Kati ya mwaka 1946 na 1948 makumi ya watu waliuawa katika eneo la Wanyaturu, miili yao ikiwa na majeraha yanayofanana na ya makucha. Wapo waliosema ni simba halisi, kwani simba wala watu hawakuwa jambo geni nyikani. Wengine walisema ni watu simba.

Kwa mujibu wa maelezo yaliyoandikwa na watawala wa Kiingereza, ilidaiwa kwamba watu simba walikuwa binadamu waliofichwa na kufugwa na wenye kuwamiliki, wakavishwa ngozi ya simba na kushikishwa visu. Ilidaiwa pia kuwa mwenye kisasi au chuki na jirani aliweza kwenda kwa mmiliki, akalipa, na kazi ikafanyika usiku. Hivyo kuna aliyelipa, kuna aliyemiliki, na kuna aliyeua bila hiari yake.

Ni mpangilio uleule wa riwaya ya Gibson, isipokuwa Singida marehemu walikuwa na majina, na watoto walioachwa nyuma.

Watuhumiwa walifikishwa mahakamani, na baadhi yao walihukumiwa kifo. Mahakama haikuwa na haja ya kuamua kama mtu anaweza kugeuka simba. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 22, inamhesabu anayeshawishi au kuwezesha kosa kuwa mkosaji sawa na aliyelitenda kwa mkono wake.

Magazeti ya ng'ambo yaliishangilia habari hiyo kama kioja cha Afrika, jambo lililowadhulumu waliofiwa. Ofisa wa serikali A. W. Wyatt aliiandikia makala katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1950. Mwaka 1962 mwanaanthropolojia Harold Schneider, aliyeishi na Wanyaturu akichunguza uchumi na mila zao, aliitazama upya katika jarida hilohilo. Mjadala wa nini hasa kilitokea haukufungwa.

Kilichobadilika tangu hapo ni chombo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu mtu anayeingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini. Kompyuta kwake ni kisu tu. Riwaya za saibapanki zinauliza itakuwaje kisu kikianza kuchagua chenyewe.

Waandishi wa kanda hii nao wameanza kuliuliza. Mwaka 2016 Wanuri Kahiu wa Kenya, aliyetengeneza filamu Pumzi mwaka 2009, alishirikiana na Nnedi Okorafor kuandika hadithi fupi Rusties, inayohusu roboti zinazoongoza magari Nairobi. Halikuwa wazo la mbali. Mwaka 2013 Kinshasa ilikuwa imesimamisha barabarani roboti za namna hiyo, zinazotumia umeme wa jua, kazi ya mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake.

Nyuma ya mashine zenye akili za leo kuna watu pia. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba wafanyakazi nchini Kenya walilipwa chini ya dola 2 za Marekani kwa saa kusoma maandishi ya ukatili na unyanyasaji, ili programu ya ChatGPT ifundishwe kuyaepuka. Kazi hiyo iliwaachia baadhi yao majinamizi.

Mei 1 mwaka huohuo, zaidi ya wafanyakazi 150 wanaochuja maudhui na kufanya kazi zinazofanana na hiyo walikutana Nairobi, wakapiga kura ya kuunda chama chao.